Nyekundu Isiyotoka Kwenye Picha

Mama yangu ana picha mbili. Ameziweka pamoja kwenye fremu moja, juu ya sanduku la nguo. Katika zote mbili amesimama, mikono imeshuka, nguo nyeusi imemfunika kutoka mabegani hadi chini ya magoti. Asiyemjua atasema zilipigwa siku moja. Sivyo. Kati ya ile ya kushoto na ile ya kulia kuna zaidi ya mwaka, na katika ile ya kushoto mama hakuvaa nyeusi. Alivaa kanga nyekundu.

Kanga hiyo aliileta baba kutoka Tanga. Kama wanaume wengi wa upande wetu wa Njombe, baba alikuwa akienda kukata mkonge kwa mkataba. Anarudi, analima msimu mmoja, kodi inamkuta, anaondoka tena. Aliporudi mara ya mwisho mimi nilikuwa shule ya kati. Alikuja na blanketi, sufuria moja, na doti ya kanga nyekundu kama pilipili iliyoiva kupita kiasi, yenye maua meusi kwenye mji wake wa katikati na mstari mweusi kwenye pindo. Nilikuwa nimeanza kujivunia kusoma, nikaigeuza huku na huku nikitafuta maneno. Haikuwa na neno hata moja.

"Inasema nini?" mama aliniuliza.

"Haisemi kitu."

"Basi wewe hujui kusoma," baba akasema, na bibi akacheka mpaka akakohoa.

Katika ukoo wetu mume hampi mkewe nguo ya safari chumbani. Humvika uani, mbele ya mama yake na ndugu zake. Mama alipiga magoti, baba akamtandazia ile kanga mabegani kwa mikono miwili, bibi akasema, "Tumeona." Ni hilo tu. Lakini neno hilo likishasemwa, hakuna wa kuuliza tena kama mwanamke yule ana mtu. Na mume akifa, desturi ni ile ile, uani pale pale. Ndugu wa marehemu huchukua kaniki nyeusi na kumtandazia mjane mabegani, na mkubwa wa nyumba husema, "Tumeona." Nilipokuwa mtoto niliona jambo hilo ni la kawaida kama kuosha mikono. Baadaye lilinikera. Kwa nini mwanamke asijivike mwenyewe, kwa furaha au kwa msiba?

Baba aliondoka tena. Tulipata salamu mara moja, kwa mdomo, kutoka kwa mtu aliyerudi mgonjwa. Kisha kimya. Nikamaliza shule ya kati, nikaenda sekondari, nikapata nafasi ya chuo kikuu Uganda, na kimya kilikuwa bado kile kile.

Mama alivaa ile kanga kila Jumapili. Asubuhi za Njombe mwezi wa sita na wa saba zina baridi ya kuuma mifupa, ukungu hautoki kwenye miti ya miwati mpaka jua limepanda, na kila mtu huja kanisani amejifunika blanketi au sweta nzito. Lakini wanawake wakifika mlangoni walikuwa wakifungua sweta zao. Walitetemeka, lakini walifungua. Aliyeolewa karibuni alitaka kanga yake mpya ionekane ikiwa bado na ugumu wa dukani. Aliyejifungua salama alivaa nguo aliyopewa na mama mkwe. Wajane waliingia mwisho na kaniki zao, wakakaa karibu na mlango. Mchungaji alikuwa hajafungua kitabu, na kila mtu alikwisha kujua habari za juma zima. Mama alifungua blanketi lake pale mlangoni, nyekundu ikaonekana, akaenda kukaa katikati, na wenye waume.

Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye hakuvumilia. Sitaki aonekane mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa, mpenzi wa pombe ya ulanzi kwa kiasi alichokiita cha afya, na ndiye aliyetulimia shamba miaka yote ile. Lakini mtu aliyepotea alimsumbua kuliko mtu aliyekufa. Niliporudi likizo, alikuja na wazee wawili, wakakaa uani.

"Kamwene," alisalimu, nasi tukaitikia. Kisha akaingia moja kwa moja. "Shemeji, mdogo wangu hayupo. Mtu asipowekewa matanga, nyumba yake haifungwi wala haifunguliwi. Mavuno yakiisha, tuweke matanga, tukuvike."

Nilijibu mimi, kwa sababu wakati ule sikujua kunyamaza. Niliuliza nani aliyeamua kwamba nguo nyeusi ni kifo. Nikasema ziko nchi watu huombolezea nyeupe. Nikasema, "Mchungaji wetu huvaa joho jeusi kila Jumapili. Yeye anamlilia nani?"

"Anatulilia sisi," baba mkubwa akasema. "Hasa wewe."

Wazee wakacheka. Hata mama akajiziba mdomo. Kisha akaweka mikono mapajani akasema kwamba jirani yetu mmoja amejiandikisha kwenda mkonge Tanga, naye atamtafuta baba kambi hadi kambi. Yeye mama atampa jirani picha yake mwenyewe, apate kuionyesha watu.

"Mume wangu hana picha yangu," alisema. "Kama yuko hai na aibu ndiyo inayomzuia, aone kwamba nguo aliyonivika bado ninayo mwilini."

Baba mkubwa aliwatazama wazee wenzake. "Haya. Tumngoje jirani. Akirudi bila habari, shemeji, kaniki nitaileta mwenyewe."

Mama akakubali. Mambo yake yote yakawa yametundikwa kwenye picha ambayo ilikuwa bado haijapigwa.

Njombe wakati ule hapakuwa na mpiga picha tuliyemjua. Makambako, pale njia zinapokutana, alikuwapo mmoja, kwa kuwa ndipo malori ya kwenda Iringa na Mbeya yaliposimama na ndipo wanaume walipoagana na nyumba zao. Tukapanda lori la magunia, mama, jirani na mimi. Mama alibeba kanga ndani ya kitambaa safi kifuani. Hakutaka vumbi la njiani liiguse. Tulipofika akaomba kuingia nyuma ya duka moja, akaivaa, akatoka.

Nimejaribu mara nyingi kuieleza nyekundu ile. Upepo wa Makambako unavuma bila kituo, na kila kitu pale kilikuwa na rangi moja ya vumbi, malori, mabati, magunia, hata mbwa. Mama alipotoka, watu waligeuka.

Mpiga picha alikuwa na kisanduku cha mbao juu ya miguu mitatu, chenye mkono wa kitambaa cheusi ubavuni, alimoingiza mkono wake kufanyia kazi zake gizani. Nyuma ya kiti alitundika shuka lililochorwa ngazi na vyungu vya maua. Alimtazama mama juu hadi chini, akakuna kichwa.

"Mama, una nguo nyingine?"

"Hii ina nini?"

"Haina kitu, nzuri sana. Ila nyekundu humu inatoka nyeusi."

"Itatokaje nyeusi na mimi nimevaa nyekundu?"

"Wewe umevaa nyekundu, mama. Kisanduku ndicho hakiioni."

"Basi fundi, kisanduku chako ni kipofu."

"Kipeni fimbo!" utingo mmoja akapiga kelele kutoka juu ya magunia, na watu wote wakaangua kicheko. "Kitatuangukia!"

Mpiga picha alicheka pia. Alikuwa na shuka jeupe la kuazima wateja, akamwonyesha. Mama alilitazama.

"Hilo limeshavaliwa na Makambako nzima. Mume wangu halijui."

Nikamvuta pembeni nikamweleza. Karatasi ile hushika mwanga wa namna fulani tu, buluu na nyeupe, na mwanga mwekundu hauiamshi, kwa hiyo palipo chekundu panabaki kama pasipo na mwanga kabisa. Nilisema vizuri, naamini. Alinisikiliza kama mtu asikilizaye mvua inayonyesha kijiji cha pili.

"Wewe unasema habari za karatasi," alisema. "Macho ya baba yako yanaona nyekundu. Yeye ndiye aliyeichagua."

Akasimama mbele ya ngazi za kuchorwa. Alikataa kiti. Mikono aliiteremsha, kidevu akakiinua, akakitazama kile kisanduku kama mtu anayedai jibu. Mpiga picha akafungua kifuniko, akahesabu kwa sauti ya chini, akafunga.

Kwanza akatoa karatasi iliyogeuka, ile ambayo cheusi ni cheupe na cheupe ni cheusi. Uso wa mama ulikuwa mweupe, nywele nyeupe, kanga nyeupe.

"Nimekuwa mzungu!" mama akasema, na kwa mara ya mwisho siku ile nikamsikia akicheka.

Mpiga picha akaibandika karatasi ile kwenye ubao mbele ya kisanduku, akaipiga picha yenyewe, ili kila kitu kirudi mahali pake. Tukangoja. Upepo ulizidi, mama akajifunika blanketi lake lote hadi shingoni. Picha ikatoka imelowa, ikasafishwa kwenye ndoo, akapewa mkononi.

Uso ulikuwa wake kabisa. Ngazi zilikuwapo, na vyungu vya maua. Kanga ilikuwa nyeusi tii, maua yake yamezama, pindo limezama, hakuna kilichobaki ila weusi mtupu kutoka mabegani kwenda chini. Ilikuwa kaniki. Sijui namna nyingine ya kusema.

Mwanamke mmoja muuza viazi vya kuchemsha alikuwa karibu yetu. Alikuwa amefika wakati mama amekwisha kujifunika. Akachungulia ile picha, uso wake ukabadilika, akaweka sinia lake chini.

"Pole sana, mama," alisema taratibu. Akaninyooshea kidole. "Ni baba yake huyu?"

Mama alimtazama. Utingo aliacha maneno yake katikati.

"Hajafa," mama akasema.

Muuza viazi hakuelewa, akatazama picha tena, akaomba radhi, akainua sinia, akaondoka. Mama alibaki ameishika picha ile kwa ncha za vidole, maji yakidondoka. Mpiga picha alisema wako mafundi Iringa wanaopaka picha rangi kwa brashi, lakini yeye rangi hana. Mimi nikaanza tena habari za mwanga. Nilisema, "Mama, ni karatasi tu. Haijui habari zako."

"Yeye aliyesema pole naye hajui karatasi," alinijibu. "Ameona mjane. Na huko Tanga wataona nini? Nimpelekee mume wangu picha ya kumwambia amekufa?"

Lori la kumchukua jirani lilikuwa limekwisha kuwashwa, na jirani mwenyewe amesimama karibu na gurudumu, kibunda chake begani, anatutazama.

Mama akamwomba mpiga picha wembe wake wa kukatia karatasi. Akavua blanketi, akashika ile kanga. Nilidhani atakata ukingoni, mahali ambapo mshono ungeficha. Hakukata ukingoni, kwa sababu pale palikuwa na mstari mweusi. Alikata kwenye mji, katikati ya wekundu, mahali pasipo na ua hata moja, kipande cha upana wa kiganja. Sauti ya ule wembe ndani ya kitambaa ninaikumbuka kuliko sauti ya injini. Akaifungia picha ndani ya kipande kile, akampa jirani.

"Ukimwona, mpe kitambaa kwanza. Mwambie hii ndiyo nguo iliyo kwenye picha. Halafu ndipo aione picha."

"Na nisipomkuta, mama?"

"Urudi navyo vyote viwili."

Jirani alirudi mwaka uliofuata, mkataba wake ulipoisha. Nilikuwa likizo tena. Ilikuwa mchana, mama anapepeta mbaazi. Tulimwona akishuka njia ya bondeni na kibunda chake, na nyumba yake ilikuwa mkono wa kulia, karibu zaidi. Aliipita, akaja kwetu. Mama aliweka ungo chini hata kabla hajafika. Mtu aliyekuwa mbali mwaka mzima hapiti mlango wa mkewe kwa habari njema ya mtu mwingine.

Alikaa, akapewa maji, akayanywa yote. Alisema aliwapata watu waliokaa kambi moja na baba. Baba alikufa kwa homa. Walimzika wenyewe, wakatuma habari kwa mtu wa kwetu aliyekuwa anarudi, na mtu huyo inaonekana hakufika. Walimpeleka jirani mpaka kaburini, nyuma ya mashamba, palipokuwa na kigingi cha mti. Kilikuwa kimekaa pale kwa muda mrefu. Nilipolinganisha aliyoyasema, nikaona baba alikufa kabla sisi hatujapanda lile lori kwenda Makambako. Nadhani na mama alikwisha kulinganisha.

Jirani akafungua kibunda, akatoa picha. Ilikuwa imefungwa kwenye gazeti.

"Picha nimerudi nayo. Kitambaa, mama, unisamehe. Uliniambia nirudi na vyote viwili. Nilikifunga kwenye kile kigingi."

"Ulikifunga vizuri?" mama akauliza. "Kule nako kuna upepo?"

"Nilikikaza sana."

"Haya. Asante, mwanangu. Nenda kwako, mkeo anakungoja."

Jioni nyumba ilijaa. Shangazi, dada yake baba, aliishika ile picha, akaipitisha kwa wenzake. "Mnaona? Kile kisanduku kilijua. Sisi tulikuwa hatujui, chenyewe kilikwisha kumvika."

Nikasimama. Nilisema kisanduku hakikujua kitu. Nilisema hata kama baba angekuwa hai, hata kama angekuwa amekaa pale Makambako anakula viazi, kanga ile ingetoka nyeusi vile vile. Nilisema hata bibi harusi akivaa nyekundu, kisanduku kile kitamfanya mjane. Sauti yangu ilikuwa inapanda, na watu walianza kutazama chini. Shangazi alitaka kujibu.

"Mwacheni aseme," mama akasema. "Naye amefiwa. Kila mtu hulia kwa alichojaliwa."

Nikakaa.

Asubuhi baba mkubwa alikuja na kaniki, kama alivyosema. Ilikuwa mpya, imekunjwa, bado ina harufu ya duka. Mama alitoka nje amevaa kanga nyekundu yenye tundu, akapiga magoti pale pale uani. Baba mkubwa, aliyeyataka mambo haya kwa miaka, alisimama nyuma yake na ile kaniki mikononi akashindwa kuitandaza. Mikono yake ilifika mabegani mwa mama ikarudi. Nadhani aliposukuma jambo lile kipindi chote, hakuwa amewahi kusadiki kwamba mdogo wake amekufa kweli. Mama akageuka, akaipokea kwake taratibu, akajitandazia mwenyewe juu ya ile nyekundu.

Tulimngoja baba mkubwa aseme neno lake. Alikuwa analia. Ikabidi shangazi aseme, "Tumeona."

Nilikuwa nimetaka siku nyingi kumwona mwanamke wa kwetu akijivika mwenyewe. Nililiona jambo hilo asubuhi ile, na halikunipa furaha yoyote.

Kabla matanga hayajaondolewa, yule mpiga picha wa Makambako alikuja Njombe na kisanduku chake siku ya gulio. Mama akaniambia nimsindikize. Sikuuliza kwa nini, ingawa nilitaka. Mpiga picha alimkumbuka, au alikumbuka nguo. Alitazama kaniki, akavua kofia.

"Pole, mama. Hii itatoka vizuri."

"Najua," mama alisema. "Ile ilinivika bila kuniuliza. Leo nimevaa mwenyewe. Nataka zikae pamoja."

Akasimama kama siku ile, mikono imeshuka. Ngazi na vyungu vya maua vilikuwa vimeanza kupauka.

Sasa ziko pamoja kwenye fremu. Nguo hazitofautiani kwa lolote. Nyuso ndizo zinazotofautiana, na hapo ndipo kila mgeni anapokosea. Kwenye ile ya kushoto, siku ya Makambako, uso wa mama umekaza, macho yanadai, paji limekunjamana. Kwenye ile ya kulia ametulia, karibu ungesema amepumzika. Juma lililopita alikuja mke wa mwinjilisti mpya, akakaa, akanywa uji, akaitazama fremu, akaweka kidole kwenye ile ya kushoto.

"Hii ndiyo ya msiba," alisema kwa huruma. "Unaonekana kabisa."

Nilitazama kidole kile. Kwa hesabu, yule mama mgeni alikuwa amesema kweli. Siku ile baba alikuwa amekwisha kulala chini ya kigingi chake. Nilingoja kusikia mama atasema nini, kwa sababu hesabu hiyo naye anaijua.

"Hapana," mama alisema. Akainuka, akafuta kioo kwa ncha ya kanga yake, upande wa kushoto tu. "Hapo nilikuwa na mume. Nguo ilikuwa nyekundu."